Tungojeane: Neno Juu ya Ibada ya Lugha Mbili

Wapendwa katika Kristo, mbukwenyi.

Tumeanza kwa salamu ya Kigogo kwa makusudi. Wako kati yenu walioisoma wakatabasamu, maana ni salamu waliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama. Wako wengine walioisoma wakasita, wakajiuliza ina maana gani, na kwa kitambo kidogo wakajiona kama mtu aliyeachwa mlangoni. Kitambo hicho kimekuwa cha nusu dakika tu. Lakini wamo katika parishi yetu Wakristo ambao hukaa mlangoni namna hiyo kwa saa mbili kila Jumapili, mwaka baada ya mwaka, ingawa miili yao imo ndani ya kanisa na wameketi benchi la tatu kutoka mbele. Habari yao ndiyo tunayotaka kuwaandikia mwezi huu.

Kama mjuavyo, Halmashauri ya Parishi itakaa kuamua juu ya lugha ya ibada. Mashauri yaliyoletwa ni matatu. La kwanza, tuendelee kama tulivyo, kila kitu kwa Kiswahili. La pili, wazee wafanyiwe ibada yao ya Kigogo alfajiri, kabla ya ibada kubwa. La tatu, Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambayo kwetu ni siku ya Ushirika Mtakatifu, tuwe na ibada moja ya watu wote, iendeshwe kwa Kigogo na Kiswahili pamoja. Uamuzi ni wa Halmashauri, wala hatutaki kuuchukua mikononi mwetu. Ila swali hili si la ratiba na saa tu. Ni swali la haki na la upendo, na yafaa tulitafakari kabla mikono haijainuliwa.

Tulivyofika hapa

Wazee wetu walipoipokea Injili, waliipokea kwa Kigogo. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, na hawakungoja Wagogo wajue Kiingereza ndipo wawahubirie. Walikaa chini, wakajifunza maneno ya wenyeji, wakamtaja Mungu kwa jina ambalo watu walikuwa wakimwita tangu zamani, Mulungu. Wakatafsiri Maandiko. Sisi tuliozaliwa karibu na wakati wa Uhuru tuliwakuta babu na bibi zetu wakisali kwa lugha hiyo, na sala za kwanza tulizozishika zilikuwa za Kigogo.

Kisha Kiswahili kikatuunganisha. Hatuna neno baya la kusema juu ya Kiswahili. Tulisomea ualimu Mpwapwa, tukakifundisha Kiswahili kwa chaki na ubao zaidi ya miaka thelathini, na tunakipenda. Ndicho kilichomwezesha Mgogo, Mhaya, Mnyakyusa na Mchaga kuketi benchi moja na kuimba wimbo mmoja. Nchi nyingi zinaitamani neema hiyo.

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Miaka mingi ilipita, na mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa nguvu. Mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Parishi yetu, ambayo ilikuwa ya kijiji kando ya mji, ikajikuta ndani ya mji. Mashamba ya uwele yakawa viwanja. Wageni wakaja, nao wametubariki: wamesaidia kuezeka kanisa, wamenunua viti, wamewafundisha watoto wetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na kwa mambo mengi mwenyeji amepona kweli.

Hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba Kigogo kitoke kanisani. Kilitoka kidogo kidogo, kama maji katika mtungi wenye ufa. Kwanza yalitoka matangazo, kisha mahubiri, kisha sala, mpaka likabaki pambio moja la wakati wa sadaka. Na kwa kuwa hakuna aliyeamua, hakuna aliyeulizwa.

Mama wa benchi la tatu

Miaka michache iliyopita tulimsindikiza mchungaji kumpelekea Ushirika Mtakatifu mama mmoja mzee aliyekuwa mgonjwa. Jina lake hatulitaji. Amekwisha kulala katika Bwana. Mchungaji wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mtumishi mwema na mpole, ila Kigogo alijua salamu tu. Alifungua Kitabu cha Sala, akasoma kwa Kiswahili polepole. Akamwuliza mama kama anazitubu dhambi zake. Mama akajibu, “Ndiyo, baba.” Akamwuliza kama amewasamehe wote waliomkosea. “Ndiyo, baba.” Akamwuliza kama anao amani moyoni au liko jambo linalomlemea. Mama akajibu kwa sauti ile ile, “Ndiyo, baba,” na mchungaji akageuza ukurasa.

Sisi tulishtuka. Tukamwomba mchungaji ruhusa, tukainama karibu na kitanda, tukamwuliza mama swali lile la mwisho kwa Kigogo. Alinyamaza kwanza. Kisha akalia, akaanza kusema, akasema karibu saa nzima. Aliyoyasema hatuwezi kuyaandika hapa, maana si yetu. Yatosha kusema kwamba alikuwa ameyabeba tangu ujana wake. Mchungaji alikifunga kitabu, akangoja, nasi tukamtafsiria aliyoyaruhusu mama. Baada ya hayo ndipo mama alipopokea mkate na divai.

Tulimwuliza mbona hakusema siku zote hizo. Akajibu kwamba Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuzia karanga. Kanisani yeye husimama watu wakisimama, hupiga magoti watu wakipiga magoti. Maneno amemwachia Mulungu ayapange mwenyewe.

Njiani mchungaji alituuliza, “Mwalimu, wako wangapi kama yule?” Hatukuweza kumjibu, kwa sababu hatukuwahi kuhesabu.

Wako watakaosema kwamba imani ya mama yule ni kubwa kuliko yetu sote. Ni kweli. Lakini ukubwa wa imani yake hautuondolei hatia. Mtu mwenye njaa akivumilia bila kunung'unika, uvumilivu ni sifa yake. Chakula alichonyimwa ni deni letu.

Waliotutangulia

Jambo hili si geni katika Kanisa. Katika Nehemia sura ya 8 twasoma kwamba Ezra alipowasomea watu torati, Walawi walisimama kati ya watu wakawaeleza maana, hata wakafahamu yaliyosomwa. Angalieni matokeo yake: watu walilia. Hawakulia kwa sababu sauti ya msomaji ilikuwa nzuri, bali kwa sababu walielewa.

Mwishoni mwa karne ya nne mwanamke Mkristo aitwaye Egeria alisafiri kutoka nchi za magharibi hadi Yerusalemu, akaandika mambo aliyoyaona katika ibada za huko. Anasimulia kwamba askofu wa Yerusalemu alisema kwa Kiyunani siku zote, na kando yake alisimama kasisi aliyetafsiri kwa Kisiria, kwa ajili ya wenyeji wasiojua Kiyunani. Masomo nayo yalitafsiriwa vivyo hivyo. Hata wageni waliojua Kilatini tu hawakuachwa. Walikuwapo ndugu waliojua lugha zote mbili wakawaeleza. Basi mtu akisema kwamba ibada ya lugha mbili ni mtindo mpya, tumjibu kwamba ilifanyika katika mji ule ule Bwana wetu alikosulibiwa na kufufuka, zaidi ya miaka 1600 iliyopita.

Na sisi Waanglikana tuna historia yetu wenyewe, ambayo ina fundisho na ina onyo. Mababa wa matengenezo huko Uingereza walikataa ibada ya Kilatini kwa sababu watu hawakuielewa. Kanuni ya 24 katika zile Kanuni 39 inakataza waziwazi kufanya sala ya watu wote au kutoa sakramenti kwa lugha isiyofahamika na watu. Kitabu cha Sala cha kwanza cha Kiingereza kilianza kutumika siku ya Pentekoste mwaka 1549. Siku ya furaha! Lakini katika jimbo la Cornwall walikuwako watu wenye lugha yao, wasiojua Kiingereza. Wao waliletewa kitabu hicho hicho kwa amri. Waliasi pamoja na majirani zao wa Devon, wakisema pamoja na madai yao mengine kwamba Kiingereza hawakijui. Askofu Mkuu Cranmer aliwajibu kwa kuwauliza kama walikuwako wengi zaidi kwao waliojua Kilatini. Kwa hoja, alikuwa amewashinda. Lakini hawakuletewa kitabu kwa lugha yao. Uasi ule ulizimwa kwa silaha, na maelfu wakafa.

Fikirini jambo hilo, ndugu. Kitabu kile kile kilichomfungulia mlango Mwingereza kilimfungia Mcornwall. Waliokuwa wametoka kudai haki ya kuelewa hawakuona kwamba jirani yao anadai haki iyo hiyo. Watu wa Wales walitendewa vema zaidi. Mwaka 1563 Bunge liliagiza Biblia na Kitabu cha Sala vitafsiriwe kwa lugha ya Wales, na nakala za Kiingereza ziwekwe kanisani pamoja nazo, watu wapate kuzilinganisha. Agano Jipya na Kitabu cha Sala vikachapwa mwaka 1567, na Biblia nzima mwaka 1588. Lugha ya Wales ingali hai mpaka leo, na ibada zinafanyika kwa lugha hiyo.

Kwa hiyo tusiulize tu kama Kiswahili ni lugha njema. Kiingereza cha mwaka 1549 kilikuwa chema pia. Tuulize: nani bado yuko nje?

Hoja za wanaopinga

Tumezungumza na ndugu wengi wasiokubali ibada ya lugha mbili. Si watu wabaya, na hoja zao zina uzito.

Hoja ya kwanza ni umoja. Wanasema, “Tukianza na Kigogo, kesho ataleta mtu Kihehe na keshokutwa Kirangi. Tutarudi kwenye ukabila.” Hofu hii tunaiheshimu, maana tunajua ukabila ulivyoharibu mahali pengine. Lakini tusome Matendo sura ya 2. Roho aliposhuka hakuwapa watu wote lugha moja ya Mitume. Kila mtu alisikia kwa lugha ya kwao alikozaliwa, na bado lilikuwa kanisa moja. Watu wenye lugha moja na nia moja tunawasoma katika Mwanzo sura ya 11, wakijenga mnara. Lugha moja ni msaada mkubwa kwa umoja, lakini si umoja wenyewe.

Hoja ya pili ni muda. Ibada ya saa mbili itakuwa ya saa nne, watoto watalala, vijana watatoka. Hoja hii ni ya kweli ikiwa kila neno litasemwa mara mbili. Tutairudia.

Hoja ya tatu ni wakalimani. Hapa hatuna budi kucheka kidogo. Tunamkumbuka mkalimani mmoja, mkulima hodari, ambaye mhubiri aliposema mbegu nyingine zilianguka kando ya njia, yeye alitumia dakika kumi kuwaonya watu wasipande uwele kabla mvua haijashika. Mahubiri yalikuwa mawili siku ile, na la pili lilikuwa na manufaa, ila halikuwa la mhubiri. Dawa yake si kufuta ukalimani. Dawa ni kumpa mkalimani mahubiri siku ya Ijumaa, ayasome na kuyaombea.

Hoja ya nne ndiyo ngumu kuliko zote: kwa nini basi wazee wasipewe ibada yao alfajiri? Wataelewa kila neno, na hakuna atakayemchelewesha mwenzake. Shauri hili lina huruma ndani yake, na kama kungekuwa hakuna jingine tungelipokea. Lakini twasoma katika Matendo sura ya 6 kwamba katika kanisa la kwanza kabisa Wayahudi wa Kiyunani waliwanung'unikia Waebrania, kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Manung'uniko yale hayakuhusu mahubiri. Yalihusu chakula. Watu wa lugha mbili waliokuwa hawazungumzi walisahauliana mezani, bila mtu kukusudia uovu. Nao Mitume hawakuwatenga makundi mawili kila moja na meza yake. Waliita mkutano wote, wakachaguliwa watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Yaani waliosahauliwa ndio waliopewa kuangalia meza ya wote.

Tukiwapa wazee ibada yao alfajiri, baada ya miaka mitano hatutajua nani mgonjwa kati yao. Halmashauri itachaguliwa katika ibada kubwa. Mchungaji atakuja alfajiri akiwa na haraka ya ibada inayofuata. Na wajukuu hawatamwona bibi yao akipokea Meza ya Bwana.

Nani angoje?

Sasa tufike kwenye kiini. Wengi husema ibada ya lugha mbili ina hasara moja: mtu analazimika kungoja wakati jambo linasemwa kwa lugha ya mwenzake. Ni kweli. Lakini wanaosema hivyo hudhani kwamba katika ibada ya lugha moja hakuna anayengoja. Sivyo. Yuko anayengoja, tofauti ni kwamba hatumwoni. Mama yule alingoja ibada nzima, kila Jumapili, mpaka siku alipolazwa kitandani. Kwa hiyo swali si kama watu wangoje au wasingoje. Swali ni nani angoje, na kwa muda gani. Je, ni haki wachache wangoje daima ili wengi wasingoje kamwe? Au ni bora kila mtu angoje kidogo ili pasiwe na mtu anayengoja siku zote?

Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba wakusanyikapo kula wangojeane. Neno hilo limo katika sura ya 11 ya waraka wa kwanza, mahali pale pale anapofundisha juu ya Meza ya Bwana. Hakulisema kama adabu ya mezani tu. Waliotangulia kula walikuwa wakiudharau mwili wa Kristo, yaani ndugu zao waliobaki na njaa. Basi dakika mbili ninyi mnazokaa kimya wakati mzee anasikia neno kwa Kigogo si dakika zilizopotea katika ibada. Ni sehemu ya ibada, na huenda zikawa sehemu iliyo ngumu kuliko zote.

Yatupasa pia kusema tusichokitetea. Hatukitetei Kigogo kama mtu anavyotunza kibuyu cha zamani ukutani. Deni letu si kwa lugha, ni kwa watu. Ikifika siku ambapo hakuna mtu katika parishi anayehitaji Kigogo, tutaweza kukiacha kwa huzuni, lakini bila dhambi. Na wakija watu wa lugha nyingine wasioelewa Kiswahili, tutakuwa na deni kwao vile vile.

Vijana wetu waliosoma wameomba ibada ya Kiingereza, na wengine wamewacheka. Tusiwacheke. Wakiwako wageni au wanafunzi wasiojua Kiswahili, wanayo haki ile ile ya mama wa benchi la tatu. Lakini kijana anayeelewa Kiswahili vizuri, naye anataka Kiingereza kwa sababu ya fahari, na ajiulize moyoni: hii ni haja au ni hamu? Haja hutangulia hamu. Hata hivyo tunakiri kwamba mpaka huo si mwepesi kuuchora. Sisi wenyewe twakijua Kiswahili kuliko wengi, lakini siku tulipomzika mama yetu mzazi, sala iliyotoka kinywani ilikuwa ya Kigogo. Iko haja ya kuelewa, na iko haja ya kulia. Mungu ndiye azijuaye zote mbili.

Kosa letu wenyewe

Hatuwezi kuandika haya kama watu wasio na lawama. Katika miaka yetu ya kwanza ya ualimu, katika shule moja ya msingi, mtoto aliyesikiwa akisema Kigogo darasani au uwanjani alivikwa kipande cha ubao shingoni, naye alikivaa mpaka amnase mwenzake. Jioni wa mwisho aliadhibiwa. Hakuna aliyetulazimisha, tuliona wengine wakifanya, tukadhani ndiyo bidii. Kulikuwa na mvulana mmoja aliyekivaa karibu kila juma, maana alikuwa msemaji sana, na alikuwa ametoka nyumba ambayo Kiswahili hakikusemwa. Baada ya muhula mmoja aliacha kukivaa. Tulifurahi kwamba amejifunza Kiswahili. Ukweli ni kwamba alikuwa ameacha kusema.

Mtu huyo sasa ni baba wa watoto wakubwa, ni Mkristo wa parishi hii, na mikono yake imefanya kazi nyingi kanisani kuliko yetu. Mara tatu tumemwomba asome somo siku ya Bwana. Mara zote hutabasamu na kusema, “Mwalimu, mbele za watu mimi siwezi.” Hajatulaumu hata siku moja. Mwaka jana tulimwendea nyumbani, tukamwomba radhi kwa kosa la zamani. Alitukaribisha ugali na mlenda, akasema yamekwisha. Hatuna hakika kama yamekwisha. Tunajua tu kwamba tukipata ibada ya lugha mbili, tutamwomba mara ya nne, na safari hii tutamwomba asome kwa Kigogo.

Tunashauri

Kwa hiyo tunaiomba Halmashauri ilijaribu shauri la tatu kwa mwaka mmoja. Kuhusu muda, tunatoa mawazo haya.

1. Kisisemwe kila kitu mara mbili. Somo la Agano la Kale lisomwe kwa lugha moja na Injili kwa nyingine, na kabla ya kila somo msomaji aseme kwa sentensi mbili, kwa lugha ya pili, somo linahusu nini.

2. Sala ya Bwana kila mtu aiseme kwa lugha ya moyo wake, wote kwa wakati mmoja. Tusiogope ikisikika kama mvumo. Siku ya Pentekoste pia palikuwa na mvumo.

3. Maungamo ya dhambi na maneno ya Ushirika yasemwe kwa lugha zote mbili bila kufupishwa, maana hapo ndipo mtu anapotoa “ndiyo” yake, na “ndiyo” isiyoelewa ni mzigo kwa anayeipokea.

4. Mahubiri yaandaliwe kwa nusu ya urefu wa kawaida, na mkalimani apewe mapema. Tunadhani wengi hawatalalamika juu ya agizo hili.

5. Nyimbo zenye tuni moja ziimbwe beti kwa kupokezana, na zeze lirudi kanisani pamoja na kinanda.

Baada ya mwaka mmoja tupime, si kwa kuhesabu dakika tu, bali kwa kuwauliza walengwa wenyewe.

Na kabla ya mkutano, tunawaomba ninyi mnaosoma gazeti hili jambo moja dogo. Jumapili ijayo, ibada ikiisha, msikimbilie nje kusalimiana na mnaowajua. Mtafuteni mzee mmoja, mketi naye, mmwulize amesikia nini leo. Kama Kigogo hamkijui, mchukueni mtoto wa jirani awasaidie. Kisha nendeni mkutanoni mkapige kura kama dhamiri zenu zitakavyowaongoza.

Bwana, aliyewangojea wanafunzi wake ufuoni akiwa amewawashia moto na kuwaandalia samaki, atufundishe kungojeana. Amina.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu